Uchovu wa metali si kuzeeka

Ndugu, umeuliza kama "uchovu wa metali" ni chuma kuzeeka tu. Hapana. Chuma kikikaa stoo miaka 50 bila mzigo, hakichoki. Kinachochosha ni mzigo unaojirudia: kuvutwa na kuachiwa, kupindwa huku na huku, maelfu au mamilioni ya mara. Kila mzigo peke yake ni mdogo, usingeweza kukivunja kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana watu hushangaa kinapokatika. Ufa huanza mwembamba kama unywele, mara nyingi penye kona kali, tundu au mkwaruzo, kisha hutambaa kimyakimya. Mhandisi Mjerumani August Wöhler alilichunguza hili kwenye ekseli (vyuma vinavyobeba magurudumu) za treni karne ya 19. Ndege za abiria za Uingereza aina ya Comet, zilizosambaratika angani mwaka 1954 kwa uchovu huu, ziliwafunza wahandisi kwa uchungu mkubwa.

Kwa hiyo sema "ekseli imekatika kwa uchovu" pale tu chanzo kinapokuwa mzigo wa kujirudia. Ikibebeshwa kupita kiasi siku moja ikavunjika, huko ni kuzidiwa. Kutu ni jambo jingine, ingawa huuharakisha sana uchovu.