Kwa Mnaoanza Kutayarisha Vipindi vya Zilipendwa: Tarehe za Orchestra Baobab

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilitokana na jalada la albamu. Nilisoma mwaka 2001 nyuma ya Pirates Choice ya Orchestra Baobab ya Senegal, nikautangaza kuwa ndio mwaka wa kurekodiwa, na kabla wimbo haujaisha baharia mmoja mstaafu akapiga simu kuuliza wazee wale wamezipata wapi sauti za ujana. Nyimbo hizo zilirekodiwa Dakar mwaka 1982. Mwaka 2001 zilitolewa upya tu. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili, ya kurekodiwa na ya kutolewa, nami nawasihi mfanye hivyo, kwa sababu anayechanganya tarehe hizo huipotosha historia nzima ya bendi.

Bendi hii ilianza mwaka 1970 kwa ajili ya Klabu Baobab, ukumbi wa vigogo wa Dakar, ikiwa na wanamuziki kadhaa waliochukuliwa kutoka Star Band, bendi nyingine ya mji huo. Msingi wake ulikuwa midundo ya Kuba, ile ile iliyowafikia wapigaji wetu wa dansi kupitia santuri za GV, mfululizo wa sahani za muziki wa Kuba, lakini juu yake Laye Mboup aliimba Kiwolofu kwa mtindo wa ukoo wake wa magrioti, yaani waimbaji na watunza historia wa jadi, wakati Balla Sidibé na Rudy Gomis walileta ladha ya Casamance, eneo la kusini mwa Senegal. Gitaa la solo lilipigwa na Barthélemy Attisso, Mtogo aliyekwenda Dakar kusomea sheria. Msikilizeni katika "Utrus Horas": hana haraka hata kidogo, kila noti anaiachia nafasi ipumue, kwa hiyo msithubutu kuukata wimbo huo katikati ili kupisha tangazo.

Klabu ilifungwa mwaka 1979, vijana wakahamia mbalax, muziki wa dansi wa Senegal wenye ngoma za sabar na sauti ya mwimbaji Youssou N'Dour, na katika miaka ya 1980 bendi ikavunjika. Kwa maneno mengine, rekodi ya 1982 iliyokuja kuwapa sifa duniani waliifanya wakati nyumbani nyota yao imeanza kufifia. Attisso alirudi Lomé kufanya kazi ya uwakili, akaliweka gitaa kando kwa miaka mingi, na walipokutana tena mwaka 2001 ilimbidi ajifue upya. Albamu ya mwaka 2002, Specialist in All Styles, ilitayarishwa na Nick Gold pamoja na, ajabu ya mambo, Youssou N'Dour mwenyewe. Pigeni wimbo mmoja wa 1982, kisha mmoja wa albamu hiyo, na tarehe mzitaje kabla ya gitaa kuanza.