Kinyozi wa miaka 32 achanjwe homa ya ini?

Kaka, unauliza kama kuna haja ya wewe kuchanjwa homa ya ini aina ya B, maana wateja wako hapo Kawangware wanasema hiyo ni sindano ya watoto, na ndugu yako mnayeishi naye amepatikana na ugonjwa huu. Haja ipo, tena kwa kazi yako hasa.

Kenya iliiweka chanjo hii kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001. Wewe na rika lako ilishawapita. Ila usikimbilie sindano, pima damu kwanza. Ukikutwa na virusi tayari, chanjo haitakusaidia, muone daktari. Ukiwa huna, utadungwa mara 3: leo, baada ya mwezi 1, kisha mwezi wa 6. Hiyo ya tatu ndiyo wengi huikacha.

Kuhusu wateja wako hapo mtaani, virusi hivi vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7, hata pale damu haionekani. Mashine ikikwaruza kipele cha kisogoni, mteja anayefuata yuko hatarini, na kupangusa kwa kitambaa (nimewaona wengi!) hakusaidii kitu. Ukichanjwa, maambukizi hayapiti kwako kwenda kwa mkeo, wala yeye hatampa mtoto wakati wa kujifungua. Lakini kinga yako haisafishi mashine: wembe mpya kila kichwa, na meno ya mashine yatiwe dawa ya kuua viini.

Na huyo ndugu yako aliyepatikana nayo, msimtengee sahani. Haiambukizi kwa chakula wala kusalimiana. Wote mnaoishi naye nyumba moja mkapimwe.