Supa Modo: kamati ya msiba iliyokaa mtoto akiwa bado hai

Mleta mada umeuliza mawili. Kwanza, filamu moja tu ya kumliza mtu mzima, isiwe ya mapenzi wala ya vita. Pili, inakuwaje mtu aliyemzika mzee wake bila kutoa chozi aje alizwe na tamthilia ya Kituruki sebuleni kwake. La kwanza jibu lake ni fupi. La pili litanichukua nafasi kidogo, nivumilieni.

Filamu ni Supa Modo. Ni ya Kenya, ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina, na urefu wake ni dakika 74 tu. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin Februari mwaka ule, kitengo cha watoto na vijana, na baadaye ndiyo Kenya ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Huku kwetu Tanzania iliwapita wengi kwa sababu mwaka huohuo kelele zote za filamu za Kenya zilikuwa kwenye Rafiki, ile iliyofungiwa na bodi yao ya filamu kisha mahakama ikairuhusu ioneshwe siku saba. Supa Modo haikupigiwa kelele na mtu.

Kisa chenyewe: Jo ni binti wa miaka 9, ana ugonjwa usio na dawa. Anachopenda duniani ni filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, Kathryn, anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini kwao, Maweni, amalizie siku zake nyumbani. Dada yake mkubwa, Mwix, anaona mdogo wake ananyauka kwa kufungiwa ndani, basi anaanza kumwaminisha kwamba nguvu zile anazo kweli. Akiona inamchangamsha, anawaingiza na majirani kwenye mpango. Kutoka hapo kijiji kizima kinajikuta kinatengeneza filamu, na shujaa wake ni Jo.

Kwamba mtoto atakufa sijakuharibia kitu, unaambiwa mapema kabisa. Na hapo ndipo filamu hii inapotofautiana na nyingi za wagonjwa nilizowahi kuona. Zile hukuning'iniza: kuna daktari India, kuna mchango unakaribia kutimia, kuna mchungaji ameota ndoto. Unakaa ukisubiri atapona au hatapona, na machozi yanakuja kwa sababu umechoka kusubiri. Hapa swali hilo wamelitoa mlangoni. Linalobaki ni moja: hizi siku chache tunazifanyia nini?

Sasa nije kwenye swali lako la pili, na nitalijibu kwa yaliyonikuta mimi.

Tulipofiwa na mtoto wa dada yangu, niliteuliwa mweka hazina wa kamati. Mnajua kazi yake. Daftari la michango mkononi, simu haikauki miamala. Turubai limelipiwa nusu, mwenye viti anataka zake zote, mchele umepungua na watu wa bara wanaingia usiku, gari la kuchukua mwili limepata pancha, nani anakwenda kuwaambia wachimba kaburi kwamba muda umesogezwa. Siku zote zile sikulia. Wazee wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Hakukuwa na kujikaza kokote, nilikuwa kazini! Na naamini misiba yetu imepangwa hivyo kwa makusudi: wanawake jikoni, vijana makaburini, wazee kwenye mkeka, kila mmoja apewe cha kushika ili asidondoke. Ni hekima kubwa. Ila matanga yakishaanuliwa, turubai likikunjwa na daftari likifungwa, aliyekuwa na kazi nyingi kuliko wote ndiye anayebaki na mikono mitupu, na huo ndio wakati ambao watu wamesharudi makwao.

Basi miezi ikapita. Dada mmoja wa Nairobi ninayefanya naye kazi akanipa filamu hii, akaniambia ni ya watoto, itanichekesha. Nusu ya kwanza kweli nilicheka. Halafu majirani wa Maweni wakaanza kugawana majukumu ya ile filamu yao: nani atacheza nini, kifaa hiki kitapatikana wapi, fulani anajua kitu hiki, mwiteni. Wanabishana, wanakatishana maneno, mmoja anajifanya mjuaji. Nikaijua ile sauti. Ni kamati ya msiba ile, mkuu. Ni watu walewale, ubishi uleule, mjuaji yuleyule. Tofauti ni kwamba wao wamekaa kikao mtoto akiwa bado anapumua, na mtoto mwenyewe yumo kikaoni.

Hapo ndipo nilipolia, na bado filamu ilikuwa na safari ndefu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Msibani ulikuwa na kazi na ulikuwa unatazamwa. Mbele ya skrini huna kazi yoyote, hakuna anayekuuliza soda zimebaki kreti ngapi, na anayekufa si wako, ndiyo maana hukujiandaa. Unamfungulia mlango mtoto wa hadithi kwa kuwa unaona hana madhara, kumbe nyuma yake ameingia na yule wa kwako.

Kuna mchangiaji hapo juu anasema filamu za namna hii ni kumdanganya mtoto na kutudanganya na sisi. Nadhani ameiangalia juujuu, au hajaiangalia. Jo si mjinga. Anajua mengi kuliko wanavyodhani wakubwa wake, na ndicho kinachoibeba nusu ya pili. Na sisi wenyewe tumelelewa kwenye utaratibu huo. Bibi alipoanza kusimulia, tuliitikia nini? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tuliuita uongo kwa jina lake, tukaukaribisha, tukakaa kitako. Hakuna mtoto aliyelalamika kesho yake kwamba sungura haongei. Makubaliano ni hayohayo kati ya Jo na kijiji chake, ila wao wameongeza kamera.

Halafu kuna Mike, mwenye banda la video pale kijijini. Kwangu ndiye ufunguo wa filamu nzima, ingawa watu wengi humchukulia kama wa kuchekesha tu. Waliokulia vibanda umiza, yale mabanda ya kuoneshea video mtaani, watanielewa. Kwetu tulikuwa na kanda za Lufufu, Kenya wana DJ Afro, wasimulizi wanaoweka sauti yao juu ya filamu za nje, na kazi yao haikuwa kutafsiri hasa. Mchina alipewa jina la mtaani, akatukanwa tusi la mtaani, akadaiwa kodi. Ugomvi wa Hong Kong ukawa unatokea Manzese, na muuza duka wa kwenye filamu alikuwa anamkataza mtu mkopo kwa maneno ya muuza duka wetu. Aliyekuwa ananunua tiketi ya kibanda alikuwa analipia ile sauti zaidi ya picha. Sasa mtoto aliyezoea filamu za namna hiyo, akiamini kwamba shujaa anaweza kutokea Maweni, ana kosa gani? Kila filamu aliyoiona ilikuwa imeshahamishiwa kijijini kwake. Wainaina na wenzake wamelielewa hilo jambo kwa ndani, wakalijengea kisa, badala ya kuliweka kama pambo la kuwafurahisha wageni wa matamasha.

Kuhusu mama. Nimeona watu wengi wanamlaumu Kathryn kwamba ni mkali, anamfungia mtoto. Mimi siwezi. Marrianne Nungo amemcheza kiasi kwamba unauona mwili wake ukihesabu: kila saa ambayo mtoto yuko nje na watu ni saa aliyopokonywa yeye. Dada yangu alikuwa hivyohivyo. Mtoto wake alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na baridi ikianza tu alikuwa anafunga madirisha na kugombana na kila anayetaka kumtoa nje. Tulimwona ana roho mbaya. Filamu haimhukumu mama, na haimpi Mwix ushindi wa bure pia. Inawaacha wote wawili wana haki, na ndiyo sababu ugomvi wao unauma kuliko kitanda cha hospitali.

Dada yangu sijamwonesha. Nilimweleza kwamba ipo na inahusu nini, akasema siku akitaka ataniambia. Nawe kama nyumbani kwako kuna mtu aliyefiwa na mtoto, usimwekee kwa kumshtukiza eti ni tiba. Mwambie kwanza.

Kasoro zipo. Muziki kuna mahali unakusukuma ulie wakati ulikuwa unakwenda mwenyewe bila kusukumwa. Baadhi ya wanakijiji wamechezwa kwa kuzidisha, kidogo tu uwaone kwenye tangazo la sabuni. Lakini Stycie Waweru, yule binti anayecheza Jo, hana hata punje ya uigizaji wa kutafuta huruma. Ana ukorofi, ana utani, kuna wakati anakera kabisa kama mtoto yeyote wa umri ule, na bila ukorofi huo filamu isingesimama.

Na kwa aliyeandika kwamba "hizi ni filamu za wafadhili": ni kweli kuna mkono wa Wajerumani. One Fine Day Films, kampuni iliyoshiriki kuitengeneza, ni ya Tom Tykwer na Marie Steinmann, na wamekuwa wakishirikiana na watu wa Nairobi tangu Soul Boy ya 2010, kisha Nairobi Half Life ya 2012 na nyingine. Ila walioandika ni Wakenya, akiwemo Wainaina mwenyewe, Mugambi Nthiga, Wanjeri Gakuru na Silas Miami. Kipimo changu mimi ni kimoja: nani anakuja kuokoa? Filamu ya mfadhili utaijua kwa gari jeupe linaloingia kijijini kwenye dakika ya 50. Humu gari hilo haliji. Wanaofanya kila kitu ni fundi, muuza duka, mwenye banda na watoto wa jirani.

Lugha usihofu. Wanachanganya Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza kama watu wa kule wanavyoongea kweli, na maandishi ya chini yapo. Kiswahili chao kitawachekesha watu wa Tanga na Unguja, lakini baada ya dakika tano sikio linazoea.

Watoto wanaweza kuiangalia, ilitengenezwa na wao wakifikiriwa. Wa miaka minane na kuendelea mwacheni aone, ila kaeni naye maana atauliza maswali, na mengine yatakuwa magumu kwenu kuliko kwake. Dakika kumi za mwisho sizisemi hapa hata mkinibembeleza kwa ujumbe wa pembeni. Tafuteni nakala halali, zimeni simu, na msiigawanye vipande viwili.

Ukishaimaliza na ukataka nyingine kutoka kiwanda hichohicho, iko Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016. Mwanamke anazinduka porini hajui ametoka wapi, anakuta hoteli yenye watu wanaoishi kama wako likizo, kumbe wote ni marehemu. Hiyo ni kavu zaidi, haibembelezi mtu, na kwa ladha yangu ni kali kuipita Supa Modo. Lakini wewe umeomba ya kulia. Anza na hii, ile nyingine iache hadi wiki ijayo.