Re: Bodi ya memori ya JV-1080: hizo diodi mbili zitoe kabla hujawasha

Mkuu, usiichomeke hiyo bodi. Kama ushaichomeka, nenda kachomoe waya ukutani kwanza, ndio urudi usome.

Umeuliza mambo manne kuhusu bodi ya kuongeza sauti unayojitengenezea: kama diodi mbili zinatosha kushusha 5V za JV-1080, mashine ya sauti ya Roland, ziweze kulisha flashi (chipu ya memori) ya 3.3V, PCB (bodi tupu ya kuungia chipu) uagize wapi, sauti zako za udi na marimba utaziingizaje, na kama bodi inahitaji betri. Hilo la kwanza tu ndilo lililonifanya niache ugali unapoa. Hizo diodi nazijua. Najua hata mchoro ulikozitoa, ule ambao alama ya ardhi imechorwa miguu juu. Aliyeuchora bado anashukuriwa kule kila wiki. "Ubarikiwe mkuu, umetufungua." Atawafungua kweli, subirini.

Hesabu yake ni tamu, ndiyo maana inaua. Diodi moja inakula 0.7V, mbili zinakula 1.4V, 5 toa 1.4 ni 3.6V. S29GL064, hiyo flashi yako, inaruhusiwa umeme wa 2.7V hadi 3.6V. Umeona, imekaa palepale! Mtoto wa darasa la nne anapata vema.

Sasa sikiliza. Hiyo 0.7V diodi huila pale inapopitisha mkondo wa maana. Flashi ikiwa haijaitwa inavuta maikroampea tu, na kwa mkondo huo diodi inadonoa kidogo sana, kwa hiyo volti kwenye pini ya umeme zinapanda kuifuata 5V. Kiwango cha mwisho cha kuvumilia kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) ni 4.0V. Yaani muda ule unaodhani chipu imepumzika ndio muda inaokaangwa.

Na hilo ni dogo. Kubwa ni hili: umeshusha umeme, laini za anwani, zile JV inazozitumia kuiambia chipu isome wapi, umezishusha na nini? Flashi ya 8MB ina laini za anwani zaidi ya 20, na zote zinatoka kwenye JV zikiwa na 5V. Datashiti inasema pini isizidi umeme wa chipu kwa zaidi ya 0.5V. Ukizidisha, vidiodi vya kinga vilivyomo ndani ya chipu vinafunguka na mkondo unaanza kupita kwenye pini za anwani kwenda kwenye umeme. Unakuwa unailisha chipu kwa mlango wa nyuma, laini zaidi ya 20 kwa pamoja, na diodi zako mbili pale mlango wa mbele zinalinda hewa.

Kwangu bodi ya mchoro huohuo iliwaka vizuri, na hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Ingekataa kuwaka ningeshukuru. JV ikaiona bodi, jina likatokea kwenye kioo, nikapiga sauti zote moja moja, nikarekodi sauti ya simu nikawatumia wenzangu wa bendi nikijiita injinia. Baadaye, katikati ya mazoezi, vayolini zikaanza kukwaruza. Nikadhani ni waya. Kisha sauti za ndani ya JV yenyewe, zisizohusiana kabisa na bodi yangu, nazo zikaingia mchanga. Nikafungua kifuniko nikaigusa ile flashi. Ncha ya kidole ilibaki na alama ya mraba, ukitazama karibu ungesoma namba ya chipu, sema ingekuwa kinyumenyume.

Nikachomoa bodi. Mchanga haukutoka. Mguu mmoja wa data kwenye chipu ya sauti ya JV ulikuwa umekufa. Hiyo chipu Roland waliitengeneza kwa ajili ya mashine zao wenyewe, mashine ya mwaka 1994. Huendi Kariakoo ukasema nipe mbili na moja ya akiba. Dawa yake ni kutafuta JV nyingine mbovu, kuisafirisha, kuilipia ushuru, halafu kumpata fundi mwenye mkono wa kung'oa chipu yenye miguu myembamba kama kope bila kubandua njia za shaba. Njia mbili zilibanduka. Hela niliyomwaga ingeninunulia SR-JV80 halisi (bodi za Roland wenyewe za kuongeza sauti) mbili na chenji ya chipsi kuku ingebaki.

Nikamwandikia yule bwana wa mchoro, kwa adabu kabisa, maana mama alinilea. Akanijibu: "Mimi nilipima laini za anwani kwa mita nikapata 2.4V, ziko salama. Wewe umeunga vibaya."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wote wale wanafundishwa na fundi maiko. Laini ya anwani haijatulia mahali pamoja. Inaruka kati ya 0 na 5 mara nyingi mno kwa sekunde, na mita ya kawaida ukiiweka kwenye DC inakupa wastani. Ikikaa juu karibu nusu ya muda, mita inasoma 2.4 au 2.5, na wewe unafurahi kuwa iko chini ya 3.3. Nilikwenda kuazima oskiloskopu (kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka), nikampigia picha ya mawimbi yenye vilele vyake karibu na 5V. Akasema oskiloskopu ni kanyaboya. Nilipomuuliza ya kwake ni aina gani akanizuia nisimwandikie tena.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: laini yoyote inayotoka kwenye mashine ya 5V ihesabu ni 5V mpaka oskiloskopu iseme vingine. Mita haina kauli hapo. Mita itumie kutafuta shoti na kupima umeme uliotulia, basi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuachana kabisa na 3.3V. Zipo flashi za 5V, kwa mfano Am29F032B ya AMD, megabiti 32 kila moja, mbili zinakupa 8MB. Ubaya wake ni za zamani, kiwandani hazitoki tena, na nyingi za mtandaoni zimepigwa msasa na kuchapwa jina upya. Ukiletewa, isome kitambulisho kwa programa (kifaa cha kuandikia chipu) kabla ya kuilehemu. Ya AMD lazima ijibu 01 kama namba ya mtengenezaji. Ikijibu kitu kingine, umepigwa, ila umepigwa kidogo. Ipo pia M27C322, nayo ni 5V na megabiti 32, lakini hiyo inafutwa kwa taa ya UV na ni pana, pima nafasi ndani ya JV kwanza.

Njia ya pili ni kubaki na hiyo S29GL064 na kuifanyia kazi ya heshima. Umeme wake utoke kwenye regyuleta (chipu inayotuliza volti) ya 3.3V yenye kapasita zake za kuingilia na kutokea, na nanofaradi 100 karibu kabisa na kila chipu. Anwani na laini za kuamrisha zipite kwenye 74LVC245 (chipu za kupitishia ishara) zinazolishwa 3.3V. LVC inavumilia 5V kwenye mlango wake hata ikilishwa 3.3V, na ndio maana nasema LVC. Usije ukaweka 74HC kwa sababu dukani ndiyo iliyokuwepo, utarudi palepale. Data inayorudi kwenye JV ipite kwenye 74HCT245 inayolishwa 5V, kwa sababu HCT inahesabu chochote kinachozidi 2V kuwa moja. Na hiyo HCT ifunguke pale tu soketi yako inapoitwa. Ukiiacha wazi muda wote, bodi yako itaongea juu ya maneno ya wengine, na mguu wa chipu ya sauti utakufa kwa sababu nyingine. JV ina soketi nne za bodi hizi, huko peke yako haupo.

Halafu flashi iwe ya mwisho kulehemiwa. Weka regyuleta na zile 245 zote, chomeka bodi bila flashi, washa, tazama kwa oskiloskopu kila kijisahani cha shaba ambacho mguu wa flashi utakaa. Kila kimoja, najua inachosha. Vilele vikizidi 3.3V hata kwenye kimoja, zima.

Jambo jingine ambalo yule bwana hakulisema, na linahusu sauti zako za udi na marimba: Roland wamezivuruga laini za anwani na data kwenye bodi za SR-JV80, yaani faili halikai kwenye chipu kwa mpangilio unaoutarajia. Ukiliandika lilivyo, JV haitaiona bodi, nawe utaanza kusaka kosa kwenye risasi yako ya kulehemu, nzuri tu isiyo na hatia.

Betri haihitajiki, flashi haisahau. Ile CR2032 iliyomo ndani ya JV ni ya sauti unazohifadhi mwenyewe kwenye User. PCB agiza popote, zote zinaungua vilevile.

Oskiloskopu kama huna, ulizia maabara ya chuo chochote cha ufundi kilicho karibu, au fundi wa televisheni wa zamani, wengi wanayo imefunikwa kitambaa kwenye kona. Piga picha ya laini ya A0 (laini ya kwanza ya anwani) iweke hapa, na uandike umeiweka volti ngapi kwa kila mraba wa kioo. Diodi zishatoka?