Kumi na Tatu Haijabadilika

Swali: Najifunza kuandika programu. Katika kikundi chetu mmoja husema "tunabadilisha namba kuwa binari", mwingine "tunageuza", na wa tatu "tunatafsiri". Tukitoa namba kwenye maandishi, au maandishi kwenye namba, tunarudia vitenzi vilevile. Kipi ni Kiswahili sahihi?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, vitenzi vyako nitavifikia. Ila umenichokoza mahali penye kidonda, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kuna watu wakiwekewa 1101, na juu yake pameandikwa wazi kwamba huo ni mfumo wa binari, yaani wa kuandika namba kwa 0 na 1 tu, husoma kwa sauti, bila haya: "elfu moja mia moja na moja". Wanaofundisha husoma hivyo, wanaofundishwa huitikia hivyo. Kisha msomaji huyohuyo, hata pumzi hajashusha, anatangaza kwamba elfu moja mia moja na moja ni sawa na kumi na tatu. Sawa vipi? Nikikudai elfu moja mia moja na moja ukanilipa kumi na tatu, tutaagana kwa amani?

Mia ni neno lenye kazi yake. Mia ni kumi mara kumi, na elfu ni mia mara kumi. Hayo ni majina ya idadi. Si majina ya viti, kwamba yeyote atakayekaa cha nne kutoka kulia basi anaitwa Elfu. Katika 1101 ya binari, nafasi ya nne kutoka kulia ina thamani ya nane. Inayofuata ina thamani ya nne, inayofuata ina thamani ya mbili ila imewekewa sifuri, na ya mwisho ina thamani ya moja. Nane, na nne, na moja: kumi na tatu. Elfu imepitia mlango gani?

Haikupita popote. Imeletwa na mazoea ya ulimi. Majina yetu ya hesabu yana asili mbalimbali: moja, mbili, tatu na kumi ni ya Kibantu; sita, saba, tisa, mia na elfu yametoka Kiarabu, na yalipofika yakawasukuma kando wenyeji kama mfungate (saba) na kenda (tisa). Lakini mwenyeji na mgeni wote wamejipanga kwa makumi. Ukitamka "mia" umekwisha kuapa kwamba unahesabu kwa kumi. Huwezi kula kiapo hicho mwanzoni mwa sentensi na kukivunja mwishoni.

Basi 1101 ya binari isomwe tarakimu moja moja: "moja, moja, sifuri, moja". Ukitaka kutaja ni ngapi, sema "kumi na tatu". Njia ya tatu hakuna. Hata 10, ndugu yangu, hata hiyo 10 ndogo inayoonekana haina madhara: katika binari haiitwi "kumi". Ni "moja, sifuri", na idadi yake ni mbili. Anayeiita kumi ndiye baadaye anayewaambia wanafunzi kwamba "katika binari kumi ni mbili", nao wanarudi nyumbani wakiamini kompyuta ni mashine ya kichawi ambayo humo ndani kumi hupungua.

Sasa vitenzi. Kosa la kusoma na kosa la kitenzi yametoka tumbo moja: kuchanganya namba na maandishi yake. Kumi na tatu ni idadi. 13 ni namna moja ya kuiandika, 1101 ni namna nyingine, na wenye mfumo wa kumi na sita huiandika D na kuendelea na shughuli zao. Tunaotumia Kiswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kubabaishwa na jambo hili. Tunasema saa moja asubuhi huku uso wa saa unaonyesha 7:00, na hajatokea mtu akadai kwamba amebadilisha asubuhi. Wakati ni uleule. Kilichotofautiana ni pa kuanzia kuhesabu.

Leibniz, mwanahisabati wa Kijerumani, alichapisha maelezo yake ya hesabu za binari mwaka 1703, karne mbili na zaidi kabla ya kompyuta za umeme. Alichoonyesha ni kwamba namba zilezile zinaweza kuandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1, na bado zikajumlishika na kuzidishika. Zilezile. Jumlisha 1101 na 1 kwa binari, utapata 1110, yaani kumi na nne. Kama kumi na tatu ingekuwa imebadilika kweli, jawabu lingetoka jingine.

Kwa hiyo "kubadilisha kumi na tatu kuwa binari" ni kauli inayomsingizia kumi na tatu. Sema "andika kumi na tatu kwa binari". Kitenzi ni cha kawaida, kifupi, na kinasema kilichotendeka. Hata hesabu yenyewe inakiunga mkono. Gawanya 13 kwa 2, unapata 6 na baki 1. Gawanya 6, unapata 3 na baki 0. Gawanya 3, unapata 1 na baki 1. Gawanya 1, unapata 0 na baki 1. Soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 1101. Umekuwa ukitafuta tarakimu za kuandika muda wote huo, hukuwa unatengeneza namba mpya.

"Kugeuza" nakikataa kwa sababu nyingine, na hapa sina huruma. Katika programu neno hilo lina kazi zake tayari, tena zaidi ya moja. Mwambie mtu "geuza 1101" kisha umtazame. Wa kwanza atakupa 13. Wa pili ataipindua ianzie nyuma, akupe 1011, ambayo ni kumi na moja. Wa tatu atageuza kila biti, yaani kila tarakimu ya binari, moja iwe sifuri na sifuri iwe moja, akupe 0010, ambayo ni mbili. Wote watatu wametii Kiswahili chako. Amri moja, majibu matatu, na programu yako itachagua lile usilolitaka.

"Kutafsiri" kina heshima zaidi, maana asili yake ni kufafanua. Lakini kimeshashika ajira ya kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na 1101 si lugha. Kiache kazini kwake.

Upande wa maandishi ndipo mambo yanapokolea. Ukibonyeza 1 kisha 3 kwenye kibodi, programu haijapata kumi na tatu. Imepata alama mbili zilizosimama pamoja. Katika ASCII, utaratibu wa kuipa kila alama namba yake, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na ambao utaratibu wa leo, UTF-8, umeuhifadhi, alama ya "1" imepewa namba 49 na ya "3" imepewa 51. Kwa binari hizo ni 00110001 na 00110011: baiti mbili, yaani mafungu mawili ya biti nane nane. Namba kumi na tatu yenyewe inatosha katika baiti moja, 00001101. Vitazame vizuri. Havifanani hata kwa mbali, ingawa kwenye skrini vyote viwili vitakuja vimevaa kanzu moja ya "13".

Ndiyo maana katika JavaScript, lugha mojawapo ya programu, ukiandika "13" + 1, huku hiyo 13 ikiwa ndani ya alama za kunukuu, unapata "131". Imeunga maandishi na maandishi. Ukiandika "13" - 1 unapata 12, kwa kuwa maandishi hayana kutoa, basi lugha hiyo inaamua kwa hisani yake kuyasoma kama namba. Python, lugha nyingine ya programu, haina hisani ya aina hiyo: ukijumlisha "13" na 1 inakataa na kukupa kosa, na mimi nipo upande wake.

Kitenzi cha hapa ni "kusoma". Programu inasoma maandishi "13" kama namba. Kurudi upande wa pili, inaandika namba 13 kama maandishi. Kusoma na kuandika, basi. Tazama jinsi vinavyokubaliana na amri zenyewe. Katika Python, int("1101", 2) inakurudishia 13, kwa maana umeiambia isome maandishi hayo kwa mfumo wa mbili. Ukisahau hiyo 2 ya mwisho, itakupa 1101 ya kawaida, na hapo sasa, kwa mara ya kwanza katika makala haya, elfu moja mia moja na moja ni sahihi. Nayo bin(13) inakurudishia '0b1101' (hiyo 0b ya mbele ni ishara tu ya binari) ikiwa imezungushiwa alama za kunukuu. Alama hizo ni ushahidi wa kutosha mahakamani: kilichotoka ni maandishi. Jaribu kukijumlisha na 1, utafukuzwa.

(Na tafadhali msiite alama hiyo ya "1" herufi. Herufi ni a, b, ch na wenzake. "1" ni tarakimu, na tarakimu na herufi kwa pamoja ni alama. Najua watu husema "mfuatano wa herufi" hata pasipo na herufi hata moja. Nimechoka kupigana nao, ila sijasaini mkataba wa amani.)

Je, "kubadili" kifukuzwe kabisa? Hapana, kina mahali pake. Ukiilazimisha 3.9 iwe namba kamili, lugha nyingi za programu zitaikata desimali na kukuachia 3. Hapo namba imebadilika kwelikweli, imepoteza sehemu tisa za kumi na hairudi. Vilevile 0.1 haiandikiki kwa binari ikamalizika. Tarakimu zake hujirudia bila kikomo, kama theluthi inavyotusumbua sisi kwa mfumo wa kumi. Kompyuta hukata mahali fulani na kuhifadhi namba iliyo jirani. Ndiyo sababu 0.1 + 0.2 hukuletea 0.30000000000000004, na anayeona hivyo mara ya kwanza hudhani mashine imelewa. Sema "imebadilika", nitakuunga mkono. Tena neno lenyewe ni ndugu wa "badala": kimoja kimeondoka, kingine kimekaa mahali pake. Ukikitumia pia kwa 13 na 1101, ambako hakuna kilichoondoka, siku ya 0.1 utasema nini?

Najua wenzako kazini wataendelea kusema "badilisha", na vitufe vya programu vitaendelea kuandikwa "Badilisha". Sitavunja kompyuta ya mtu kwa hilo. Katika mazungumzo neno hupita, maana msikilizaji anajaza mwenyewe: badilisha maandishi, badilisha mfumo. Basi tajeni walau hicho kinachobadilishwa. "Badilisha mfumo wa kuandikia" naweza kuimeza kwa maji. "Elfu moja mia moja na moja" sitaimeza hata kwa asali.

Kwa kuwa tumekaribia, nipitishe na hili: idadi, namba na tarakimu si majina matatu ya kitu kimoja. Idadi ni ungapi wa vitu. Tarakimu ni alama ya kuandikia. Namba, au nambari kwa wanaopenda hivyo, na sitaamua ugomvi huo leo, ndiyo tunayoihesabia. Wanaoandika "namba kubwa ya watu walihudhuria" walikusudia idadi. Na "namba ya simu", kwa hakika yake, ni safu ya tarakimu: hakuna anayejumlisha simu mbili akapata ya tatu. Mwanaprogramu anayedanganywa na jina hilo akaihifadhi kama namba huamka asubuhi akakuta sifuri zote za mwanzo zimetoweka, maana 0713 kama namba ni 713 tu. Ihifadhi kama maandishi.

Limebaki neno "desimali", ambalo hukuliuliza lakini kikundi chenu kitagombana juu yake wiki ijayo. Darasani desimali ni zile tarakimu zilizo nyuma ya nukta, kama 3.9. Kwenye programu watu huita "desimali" namba yoyote iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi, hata 13 isiyo na nukta. Ukimwambia mwanafunzi "nipe 1101 kwa desimali", ana haki ya kukuletea 13.0 na kusubiri sifa. Mwambie "nipe kwa mfumo wa kumi".