Dunia ni chungwa, mwezi ni gololi
Mwalimu mwenzangu wa Tanga, umeuliza namna ya kuwafundisha watoto wa miaka 4 habari za anga bila vifaa. Chukua chungwa la Muheza, ulichome kijiti kiwe mhimili, ubandike punje ya mchele iwe ndiyo Tanga, kisha ufunge madirisha, uwashe tochi, na umwachie mtoto mwenyewe alizungushe polepole mpaka aone punje ikiingia gizani na kutoka tena. Hapo usimharakishe, kwani atataka kurudia mara nyingi, na kurudia huko ndiko kujifunza kwenyewe. Mwezi uwe gololi, uwekwe hatua tatu mbali, maana umbali wake halisi ni takriban upana wa dunia mara 30. Picha za ukutani zisubiri.