Usianze kwa Kunyang'anya Leja

Bosi akileta mfumo mpya wa kompyuta, kazi ya kuuingiza stoo humwangukia meneja. Ushauri wangu kwako meneja mwenzangu: kabla hujaigusa leja ya zamani, kaa na anayeiandika umtazame akifanya kazi.

Nasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Kampala. Wapakizi wametoka Arua, madereva Kenya, wateja wengine Kongo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Tulipotakiwa kuhamia kwenye kompyuta, aliyekataa waziwazi ni mtunza stoo wetu, mzee anayeheshimiwa na wote. Watu wakasema ni ukaidi. Nikamwomba, "Mzee, hebu nionyeshe leja yako."

Akafungua kurasa za nyuma: majina, idadi ya mifuko, alama za kalamu nyekundu. Ilikuwa saruji iliyokwisha kulipiwa lakini haijachukuliwa. Wanaojenga kidogo kidogo hununua mapema, bei isije ikapanda, kisha wanatuachia mzigo. Kwa programu ile, saruji hiyo imeuzwa na imeondoka, kumbe mifuko bado imepangwa pale pale. Siku ya kuhesabu mali, nani angeshukiwa kuiba? Si yeye?

Basi fundi wa programu akaongeza sehemu ya mizigo ya wateja, na mzee ndiye aliyempangia iandikweje. Tukaanza na saruji peke yake, leja na kompyuta zikienda pamoja hadi hesabu zilipokubaliana. Mabati na misumari vilifuata baadaye. Ni kazi mara mbili, ndiyo, kwa hiyo muda wa ziada ulipwe.

Najua sheria haisubiri mtu. EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ilikuwa lazima kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya VAT tangu Januari 2021, lakini Aprili 2024 maduka mengi ya Kampala yalifungwa kuipinga. Miaka mitatu ya amri, na bado watu walikuwa hawajaikubali! Mambo ya kodi yapo nje ya uwezo wetu. Ya stoo yetu tunayaweza.

Wa kufundisha wenzake asiwe lazima kijana mwepesi wa kompyuta. Mchague yule anayeulizwa na wenzake wakikwama. Na makosa ya mwezi wa kwanza yasikatwe kwenye mshahara wa mtu. Hilo bosi alitamke mwenyewe mbele ya wote, kabla kompyuta haijawashwa.